Njaa ya Saa Nne Si Tabia Mbaya, Ni Kile Umekula Saa Moja

Leo sina mzaha.

Wiki jana rafiki yangu mmoja wa miaka 19, hapa hapa Garissa, alinitumia picha ya malipo ya M-Pesa. Amelipa shilingi 3,500 kwa kocha fulani wa mtandaoni, jina sitaji, apewe PDF ya kurasa kumi na mbili. Juu imeandikwa kwa herufi kubwa: "Mlo wa GI ya Chini, Punguza Kilo Kumi." Ndani kuna kinoa, maziwa ya lozi, brokoli na samaki wa salmoni. Akaniuliza, "Abaayo, kinoa inauzwa duka gani hapo Suuq Mugdi?"

Nikacheka. Halafu nikakasirika.

Hasira yangu si kwa GI. GI ni sayansi ya kweli na mimi mwenyewe naifuata karibu mwaka sasa. Hasira yangu ni kwa watu wanaochukua kitu rahisi, wanakivalisha nguo za ng'ambo, halafu wanatuuzia kama siri. Na hasira nyingine, mtanisamehe, ni kwetu sisi wenyewe. Kwa sababu jioni ya siku hiyo nilienda kwao kumwona, nikakaribishwa chai, na kile kikombe kidogo kilikuwa na vijiko vitatu vya sukari. Hakuna mtu aliona ajabu. Hata yeye, na PDF yake kwa simu, alikunywa viwili.

Kwa hivyo nasema hivi, na niko tayari kubishana na yeyote: ile njaa inakupiga saa nne asubuhi si udhaifu wa tabia. Si eti huna nidhamu. Ni kile ulikula na kunywa saa moja. Na dawa yake haiuzwi na kocha wa mtandaoni. Iko kwa jiko la ayeeyo wako, bei ya gorogoro moja ya maharagwe.

Kwanza tuelewane GI ni nini, ndio usilipishwe tena.

GI ni namba tu. Mwaka wa 1981, Dkt. David Jenkins na wenzake wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, walitaka kujua ni vyakula gani vya wanga vinapandisha sukari ya damu haraka na vipi vinapandisha polepole. Walikuwa wanafikiria watu wenye kisukari, si watu wanaotaka kuingia kwa nguo ya harusi. Unapewa chakula chenye gramu 50 za wanga, damu yako inapimwa kwa saa mbili, halafu matokeo yanalinganishwa na glukosi tupu, ambayo imepewa 100. Chakula cha 55 kushuka ni GI ya chini. 56 hadi 69 ni ya katikati. 70 kupanda ni ya juu. Basi. Hiyo ndiyo siri ya shilingi 3,500.

Sasa angalia namba zenyewe. Mkate mweupe ni kama 75. Maharagwe na dengu ziko karibu 30. Maziwa ya ng'ombe yako thelathini na kitu. Njugu karanga ziko chini kabisa. Umeona kinoa hapo? Mimi sijaiona.

Kwa nini hii inahusu njaa? Kwa sababu wanga wa haraka unaingia kwa damu kama matatu ya asubuhi, wote mara moja. Mwili unashtuka, unatoa insulini nyingi kuondoa hiyo sukari, na kwa watu wengi baada ya saa mbili au tatu sukari inashuka kwa ghafla. Ubongo ukiona imeshuka unapiga kelele: kula! Nawe unadhani una uroho. Huna uroho. Umeshushwa stage uliyopandia.

Ramadhani ndiyo ilinifunza hii kitu, si kitabu. Wiki ya kwanza daku yangu ilikuwa ile ya kawaida: anjera nne, samli na sukari juu, chai tamu vikombe viwili. Kufika saa nne asubuhi niko chini ya feni, tumbo linanguruma, naangalia saa ya simu kama mtu anadaiwa. Wiki ya pili nikabadilisha daku peke yake. Nikala bakuli ya cambuulo, zile kunde zinachemshwa polepole mpaka zinalainika, lakini nikaacha sukari tunayomwaga juu. Samli kidogo, na glasi kubwa ya maziwa ya ngamia yaliyochemshwa. Njaa ilikuja, ndio, mimi si malaika. Lakini ilikuja baada ya adhuhuri, na ilikuja na adabu.

Huo si utafiti. Ni tumbo moja, langu. Lakini hakuna mtu wa hapa asiyeweza kujaribu na lake, na hakuna anayehitaji kulipa mtu.

Sasa kuna wale wataruka haraka na kusema, "Kwa hivyo chakula cha Wasomali ndicho kibaya." Wapi! Hapo ndipo makocha wanatupotosha kabisa. Chukua baasto. Kila mtu anayeanza kujinyima anaacha baasto kwanza, kwa sababu ameambiwa baasto inanenepesha. Lakini tambi ambayo haijapikwa mpaka ikawa uji iko karibu 50, chini kuliko mkate mweupe na chini kuliko aina nyingi za mchele mweupe. Mchele wenyewe pia haufanani. Basmati, ule mrefu mwembamba tunaoupenda kwa bariis, kwa kawaida uko chini kuliko mchele unaoshikana. Ndizi ya kuweka kando ya wali, kama bado ni ngumu kidogo, iko chini kuliko ile iliyoiva mpaka ina madoa meusi. Nyama ya mbuzi na nyirinyiri hazina wanga wa kupima. Na ile ndimu unakamua juu ya wali inasaidia pia, kwa sababu uchachu unachelewesha chakula kutoka tumboni.

Kwa hivyo shida si bariis. Shida ni kilima cha bariis. Mtu anajaza sahani mpaka wali unafanana na kichuguu, anaweka vipande viwili vya nyama juu kama bendera, na kachumbari kijiko kimoja ya kupendezesha. GI inakuambia kasi, haikuambii mzigo. Tikitimaji la mashamba ya Tana lina GI ya juu, karibu 76, lakini kipande kimoja ni maji mengi na sukari kidogo, kwa hivyo kula bila wasiwasi. Wali una GI nafuu kuliko tikiti, lakini ukila sahani tatu umebeba gunia.

Na namba hii inaweza kukudanganya upande wa pili pia. Aiskrimu ina GI ya chini kuliko mkate, kwa sababu mafuta yanachelewesha sukari. Umefanya nini sasa, utakula aiskrimu ukonde? GI ya chini si cheti cha tabia njema.

Sasa tuje kwa kikombe. Hapa najua nitapoteza marafiki.

Hesabu na mimi. Vijiko vitatu kwa kikombe. Vikombe vitano kwa siku, na wengi wetu tunapitisha hapo: asubuhi, saa nne, baada ya chakula, alasiri, usiku na wageni. Hivyo ni vijiko kumi na tano. Kijiko kimoja cha chai ni kama gramu nne. Umefika gramu 60. Shirika la Afya Duniani, kwa mwongozo wake wa 2015, linasema sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu unayopata kwa chakula, na ni afadhali zaidi ikiwa chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25, vijiko sita. Umemaliza ya siku mbili, na bado hujafungua soda. Soda ya nusu lita peke yake inakaribia gramu 50.

Na skiza hii vizuri, kwa sababu ndiyo inavunja wale wa GI peke yake: sukari ya meza GI yake ni kama 65. Iko chini ya mkate mweupe! Ukifuata namba kama kipofu, utajiruhusu. Lakini sukari ndani ya chai haina nyuzi za kukushibisha, haitafunwi, tumbo halijui limekula. Unakunywa chakula bila kupata shibe. Na tafadhali usiniambie unatumia sukari ya rangi ya hudhurungi au asali. Sukari ya hudhurungi ni sukari ile ile imevaa diraac.

Tusijifanye pia hatujui kwa nini sukari iko kila mahali huku. Kwa miaka mingi sukari inayoshushwa bandari ya Kismayu imekuwa ikivuka mpaka kuingia kwetu. Magazeti yameandika, wakubwa wanajua. Kitu kikipita mbele ya nyumba yako kila siku, utakionja.

Na nyinyi vijana wa miraa na muguka, msidhani mmeponyoka. Mnaniambia, "Sisi hatusikii njaa." Ndio, kwa sababu majani yameifunika. Halafu mnasindikiza na soda na chai tamu usiku kucha, na majani yakiisha saa tisa usiku mnatafuta chapati sita. Kuifunika njaa si kuimaliza.

Sasa pingamizi kubwa, na hili naliheshimu. Adeer mmoja aliniambia, "Watu wa hapa wanakufa njaa, na wewe mtoto unatuambia jinsi ya kupunguza kula?"

Nilinyamaza siku mbili nikifikiria. Kisha nikaona kwamba ni jambo moja, si mawili.

Kutoka mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 mvua ilikosa misimu mitano mfululizo. Kenya ilipoteza mifugo zaidi ya milioni mbili, na wengi walikuwa wa maeneo yetu ya kaskazini. Kila mtu alihesabu mizoga. Wachache walihesabu kile kiliondoka kwa sahani. Ngamia akifa, hupotezi nyama peke yake. Unapoteza maziwa ya asubuhi na suusaac ya jioni. Familia ikahamia kando ya mji, Bulla hii au ile, na mahali pa maziwa pakaingia kile duka linauza kwa bei ya chini na kile lori la msaada linaleta: unga, mchele, mafuta, sukari. Tumetolewa kwa maziwa tukapelekwa kwa wanga mtupu, na tulitolewa na ukame, si na anasa.

Ndio maana unaweza kupata nyumba moja yenye mtoto aliyedhoofika na mama mwenye kisukari. Wote wanakula kutoka sufuria moja. Njaa na unene si maadui hapa, ni ndugu wa baba mmoja. Kwa hivyo adeer, kwa heshima zote: mimi sisemi watu wale kidogo. Nasema sufuria irudishiwe kile kilichotolewa.

Na mimi siongei kutoka mbali. Hooyo yangu ana kisukari, mwaka wa tatu huu. Kwa Kisomali ugonjwa wenyewe tunauita sonkorow, sukari iko ndani ya jina, na bado siku aliporudi kutoka hospitali wageni walikuja kumpa pole na tukawatilia chai ya vijiko vitatu. Watu walisema, "Amekula sana huyo." Uwongo. Hooyo hajawahi kula sana. Amekula wali, chai na anjera kama kila mama wa mtaa huu, amekaa kwa duka lake kwa joto la digrii 38, na jioni hakuna mahali pa mama kutembea bila kuulizwa anaenda wapi. Ayeeyo naye alipenda chai tamu, tusimpambe. Lakini sukari kwake ilikuwa haba, maziwa yalikuwa mengi, na alitembea na ngamia kutwa nzima.

Si hooyo peke yake. Utafiti wa kitaifa wa 2015 kuhusu magonjwa haya ulipata kwamba asilimia 38.5 ya wanawake wazima wa Kenya wana uzani kupita kiasi au unene wa kupindukia. Wanaume ni asilimia 17.5. Sasa jiulize kwa nini pengo liko kubwa hivyo, halafu jiulize ni nani kwenu anaruhusiwa kwenda kucheza mpira jioni.

Halafu kuna midomo yetu. Ukinenepa unaambiwa, "Mashallah, umependeza." Ukipungua kidogo: "Mbona umekauka, unaumwa?" Ukiongezeka tena kidogo tu kupita pale walipopenda, wasichana wa darasani wanakucheka. Hakuna uzani ambao watu watakuachia kwa amani. Ndio maana rafiki yangu alilipa kimya kimya, bila kumwambia mtu. Aibu yake ndiyo iliuzwa kwa shilingi 3,500. Hiyo PDF ilikuwa kifungashio tu.

Sasa nisiwe kama yule kocha. Wacha niwaambie kile GI haifanyi.

Haikupunguzii kilo kumi kwa mwezi. Mwaka wa 2023 uchambuzi wa Cochrane, ambao unakusanya majaribio mengi pamoja, ulionyesha kwamba kwa watu wenye uzani mkubwa, mlo wa GI ya chini huenda hauna tofauti kubwa na milo mingine kwa kupunguza kilo. Mahali ulionekana kusaidia zaidi ni pengine: jaribio la nchi nane za Ulaya lililochapishwa 2010 lilichukua watu ambao tayari wamepungua, na waliokula protini zaidi kidogo na GI ya chini kidogo ndio walidumu vizuri bila kurudi. Na unajua kwa nini hiyo ina maana kwangu? Kwa sababu mlo unaoweza kudumu nao ni ule ambao hukai na njaa ndani yake. Ukishiba, hutoroki.

Pia maziwa ya ngamia si dawa ya kisukari. Najua wauzaji wanasema. Ni chakula kizuri, yachemshe kwa sababu ya homa ya brusela, kunywa, furahia. Lakini mtu asikuambie uache insulini au vidonge. Hooyo anakunywa maziwa na bado anameza vidonge vyake. Na kama unatumia dawa za sukari, kabla ya kubadilisha mlo au kufunga, ongea na daktari wako. Kama uko chini ya miaka 18, bado unakua. Usijinyime chakula, punguza sukari tu.

Mtaniuliza, sasa tufanye nini, na jiko ni la hooyo na sinia ni ya wote? Swali zuri. PDF ya kocha ilidhani kila mtu ana friji yake na sahani yake. Sisi tunakula kutoka sinia moja, na wewe kijana wa miaka 18 hupangi kitakachopikwa. Lakini kuna vitu viko mkononi mwako.

Kijiko cha sukari kiko mkononi mwako. Usiache chai, utashindwa. Shuka kijiko kimoja kila wiki mbili, ulimi utazoea. Hooyo alitoka vijiko vitatu hadi nusu hivyo hivyo, na siku hizi chai ya harusini anasema inamkwaruza koo.

Mpangilio wa kula uko mkononi mwako. Anza na kachumbari na nyama au maharagwe ya upande wako wa sinia, wali uje mwisho. Hakuna mzee atakukemea, na kuna utafiti kwamba kuanza na mboga na protini kunafanya sukari ya damu ipande kidogo kuliko kuanza na wanga.

Mkono wa pili wa wali uko mkononi mwako. Ngoja dakika kumi kabla hujaongeza.

Asubuhi iko mkononi mwako. Anjera mbili na maharagwe au yai au ini, mahali pa anjera tano na sukari.

Na miguu ni yako. Dakika kumi na tano baada ya chakula cha jioni, hata kama ni kuzunguka ua. Wasichana, tembeeni wawili wawili, watatu watatu, mpaka mtaa uchoke kuuliza.

Rafiki yangu alimwomba kocha amrudishie pesa. Hakujibiwa, na sasa amezuiwa. Sawa. Nilimwambia ahesabu ni karo, lakini nyinyi wengine msilipe karo mara ya pili.

Fanya wiki moja tu. Asubuhi bila sukari juu ya anjera, na kitu cha maharagwe, yai au maziwa kando. Usinunue chochote kipya. Usipande mzani hata mara moja. Andika tu kila siku saa ambayo njaa imekupiga, halafu siku ya saba urudi hapa uniambie. Kama bado ni saa nne, nitukane hadharani, nitakubali.